Nguzo za Mkunazini na Kicheko cha Mgeni

Ndani ya Kanisa la Mkunazini, mjini Unguja, zimo nguzo ambazo yasemwa ziliwekwa miguu juu, kichwa chini. Mgeni hapiti bila ya kuoneshwa. Muongozaji humsimamisha upande wa magharibi, akanyoosha kidole, akamueleza kwamba Askofu Edward Steere alikuwa ameondoka kwenda sehemu nyengine ya kisiwa, na mafundi wake, watu waliotoka utumwani juzi na jana, wasijue kitako cha nguzo ni kipi na kichwa ni kipi, wakazisimamisha kinyume. Askofu aliporudi, kazi ilikuwa imeshakwisha. Mgeni hucheka, hupiga picha, kisha hutoka na kisa hicho kikiwa ndicho pekee alichokihifadhi kuhusu sanaa ya jengo lile.

Kicheko hicho kimedumu mno, na wala hakina haki ya kudumu. Huenda kisa ni cha kweli, huenda ni mzaha uliozeeka hata ukavaa kanzu ya historia. Tuchukue kwamba ni cha kweli. Basi mbona husimuliwa nusu? Askofu alirudi, akaziona, akaziacha. Steere hakuwa mtu wa kupita njia katika kazi ile. Alikuwa na mkono katika ramani, na usimamizi ulikuwa wake. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache tu baada ya Seyyid Barghash kutia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa lililokuwa pahala pale pale, na ujenzi ukaendelea kwa miaka kadhaa baadaye. Muda wa kuzing'oa nguzo na kuzigeuza ulikuwapo. Hakuzing'oa. Aliona kwamba zimesimama wima na zinabeba, na kwa mwashi wa pwani hiyo ndiyo kazi ya nguzo. Umbo la kitako na la kichwa ni desturi ya Wagiriki na Warumi, iliyorithiwa na Wazungu wengine. Asiyelelewa humo hakosi akili kwa kutoijua, kama vile Mzungu hakosi akili kwa kutojua zidaka za ukumbi wa Kiswahili hupangwaje.

Na mikono ile ile inayochekwa ndiyo iliyoinua paa. Hapo muongozaji aghalabu hapatii neno, ilhali hapo ndipo pa kusimama mtu akaangalia juu. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina vyumba vyembamba na virefu kwa sababu moja iliyo maarufu: upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, na boriti ya mkoko haiendi mbali. Kila chumba mjini kimetii amri hiyo ya mti. Paa la Mkunazini halikuitii. Ni tao moja refu, mithili ya jahazi lililopinduliwa, lililofanywa kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji, likivuka kutoka ukuta hadi ukuta bila ya boriti hata moja. Ramani ilitoka kwa Muingereza, ndiyo. Lakini aliyeyaponda matumbawe, aliyeikoroga saruji, aliyeipandisha juu karai kwa karai, ni mtu wa Unguja, wa kuzaliwa au wa kuletwa kwa mnyororo. Paa hilo limevuka karne na bado limo kazini. Matengenezo makubwa ya muongo wa 2010, ambayo World Monuments Fund ilishiriki, na ambayo yaliambatana na kufunguliwa kwa kituo cha maonesho ya utumwa mwaka 2016, yalikuwa ya kulihifadhi jengo lililosimama, si ya kuokota kifusi. Mafundi wasiojua juu wala chini hawafanyi kazi ya namna hiyo.

Visa vya kanisa hili vina tabia ya kupendeza kuliko kuwa kweli. Husimuliwa pia kwamba Seyyid Barghash aliitoa zawadi saa ya mnara kwa sharti kwamba mnara usiipite kwa urefu Beit el Ajaib. Ni kisa kizuri, chenye Sultani mwenye wivu na askofu mwenye adabu. Lakini Beit el Ajaib lilijengwa mwaka 1883, na Steere alikufa mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa hilo hilo. Ama sharti lilihusu jumba lililokuwa bado ndotoni, ama mtu fulani aliipamba hadithi baadaye. Kwa saa hakuna anayeumia. Kwa nguzo, wanaumia mafundi.

Lakini kicheko cha mgeni kina ndugu yake, ambaye hacheki bali hukunja uso. Huyu ni msomi wa mjini, mara nyingi mtu mwenye mapenzi ya kweli na kisiwa chake, asemaye kwamba sanaa ya makanisa ilikuwa chambo: vioo vya rangi, misalaba, sanamu na kinanda viliwekwa ili kuwateka macho wasiojua kusoma, kisha nyoyo zikafuata macho. Kwa hiyo, asema, si sanaa ya hapa, na isihesabiwe pamoja na milango ya nakshi na misikiti ya kale. Yeye na mcheshi wa nguzo wanadhani wanapingana. Kwa hakika wamekubaliana katika jambo kubwa: wote wawili wamemtoa mtu wa Unguja nje ya kazi yake mwenyewe. Kwa mmoja ni mjinga aliyeiharibu, kwa mwengine ni mjinga aliyenaswa nayo.

Hoja ya chambo haikuzuka hewani. Imetoka mbali, na huko ilikotoka haikosi ushahidi. Nchini China, Mjesuiti Matteo Ricci alipofika Beijing mwaka 1601, miongoni mwa zawadi zilizopelekwa kwa mfalme Wanli zilikuwamo picha za Kristo na za Bikira Maria. Miaka michache baadaye mfanyabiashara wa wino Cheng Dayue aliingiza picha za Kikristo alizozipata kwa Ricci katika kitabu chake cha nakshi za vijiti vya wino, zikakaa pamoja na michoro ya Kichina kana kwamba ni jamaa. Mwaka 1715 akafika Giuseppe Castiglione, aliyeitwa Lang Shining, akatumikia ikulu kwa brashi hadi kufa kwake mwaka 1766. Alikwenda kwa ajili ya dini, na wafalme wakamtaka awachoree farasi. Na katika karne ya 20, mjumbe wa Papa, Celso Costantini, aliyekuwa China tangu 1922 hadi 1933, aliwahimiza wasanii wa huko wachore habari za Injili kwa mtindo wao. Chen Yuandu akambatizwa mwaka 1932 kwa jina la Luka, akamchora Maria kwa hariri na mandhari ya Kichina. Huko, basi, picha ilikuwa mlango. Ilikuwa nchi yenye mapenzi makubwa na uchoraji, na mgeni mwenye akili alibisha pale alipojua pataitikiwa.

Kuichukua habari ya China na kuivika Unguja ni kama kumvisha mtu mfupi kanzu ya mrefu. Wakristo wa mwanzo wa misheni ya UMCA, iliyohamia Zanzibar mwaka 1864, hawakuvutwa na picha yoyote. Walikuwa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, na Sultani Majid akampa Askofu Tozer awalee. Hawakuingia kanisani wakaona kioo cha rangi wakaduwaa. Hapakuwa na kanisa. Walipewa chakula, nguo, pa kulala, lugha na majina mapya. Mmoja wao, John Swedi, alipewa daraja la chini la ushemasi mwaka 1870 na akawa shemasi kamili mwaka 1879, kabla ya rangi ya Mkunazini kukauka vizuri. Anayetaka kuishitaki misheni ana hoja hapo, na ni hoja nzito: mtoto asiye na mama wala kwao anachagua nini? Swali hilo ni la haki, na lingefaa kuulizwa kwa sauti kubwa kuliko linavyoulizwa. Lakini ni swali la mkate na ukiwa. Si swali la picha.

Kwa waliozaliwa mjini, Waislamu wenye vyuo na misikiti yao, picha isingekuwa chambo hata kwa bahati mbaya. Jicho la Unguja halikulelewa kwa sura za watu. Limelelewa kwa herufi. Kazi ya sanaa ya kale iliyo maarufu kuliko zote kisiwani ni maandishi: yale ya Kikufi katika kibla cha msikiti wa Kizimkazi Dimbani, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Tangu hapo hata milango mikubwa ya karne ya 19, yenye aya zilizochongwa katika kizingiti cha juu, mwenye mali akitaka kupamba huandika. Huzungushia maua, mnyororo, samaki na mtende, lakini pahala pa heshima, juu kabisa, ni pa neno. Mtu aliyekulia chini ya mlango kama huo hushituliwa na sanamu ya mtu, hatekwi nayo. Kanisa la Kikatoliki la Minara Miwili, lililojengwa Shangani katika muongo wa 1890, lilileta vioo na vigae kutoka Ufaransa na likachorwa kutani mambo ya Agano la Kale. Ni kazi ya kupendeza. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba mji ulibadili dini kwa ajili ya kuta hizo. Mji uliziita Minara Miwili, kwa hesabu ya minara, ukaendelea na shughuli zake.

Steere alilifahamu jicho hilo, au kwa usahihi zaidi, alilifahamu sikio. Kabla ya kupandisha ukuta alikuwa ameshakusanya maneno. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja na kile cha hadithi, vyote vya mwaka 1870, vilitangulia jiwe la msingi. Katika hadithi hizo kimo kisa cha Liongo pamoja na mashairi yake, na wapenzi wa ushairi wa pwani hawana budi kukiri deni hilo hata wakiwa na kinyongo na mengineyo. Hadithi zenyewe alizisimuliwa na wenyeji wa Unguja. Na alipotaka Zaburi kwa Kiswahili safi, aliyejitolea kumfasiria kutoka Kiarabu alikuwa Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, mwanachuoni aliyepata kuwa kadhi, mtu aliyejadiliana na wamisionari juu ya dini yao waziwazi na asiiache yake hata kwa unywele. Fikiri uzito wa jambo hilo. Zaburi za misheni ya Kiingereza kupitia kalamu ya kadhi wa Kiislamu! Msomi wa chambo ataliweka wapi tukio hili? Nani hapo ni samaki na nani mvuvi?

Kutoka hapo njia iko wazi. Misheni ilikuwa na mashine ya kupiga chapa, na vijana waliotoka majahazini walijifunza kupanga herufi za risasi moja moja. Mwaka 1888 chuo cha Kiungani kilitoa gazeti la Kiswahili, Msimulizi, wakati ambapo magazeti ya lugha hii yalikuwa ya kuhesabika kwa vidole. Lahaja iliyopigwa chapa humo ilikuwa Kiunguja, lahaja ile ile iliyochaguliwa baadaye, katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ingawa wana wa Mvita hawajasamehe mpaka leo. Kazi ya mikono ya misheni iliyokwenda mbali kuliko zote haikuwa sanamu. Ilikuwa ukurasa.

Hapo msomi atajibu, na ana haki ya kujibu, kwamba huo ndio wizi mkubwa zaidi. Sala, imani, dhambi, malaika, nabii: maneno yaliyokaa karne nyingi katika kinywa cha Kiislamu yalichukuliwa yakatumikishwa kanisani. Ni kweli yalichukuliwa, na ni kweli kwamba aliyeyachukua alikuwa na shabaha yake. Hakuja Unguja kwa mapenzi ya sarufi. Lakini maneno hayo nayo yalifika pwani kwa jahazi, na Waswahili waliyafanya yao bila ya kumuomba ruhusa Mwarabu. Lugha ambayo maneno yake yanaweza kuswali msikitini na kusali kanisani, na kila mmoja akajua lipi lake, haikuibiwa kitu. Imeongezewa nyumba. Na aliyeiwezesha kubeba mzigo huo hakuwa Steere peke yake. Alikuwa pia sheikh, na msimuliaji wa hadithi, na kijana wa herufi za risasi.

Kwa kujua hayo, mtu arudi kanisani aangalie upya. Dirisha la nyuma ya altare lina picha za watakatifu wa Afrika: wa Misri, wa Carthage, wa Uhabeshi. Wazo ni la heshima, na kasoro yake inaonekana pale pale, kwa kuwa Afrika iliyomo kiooni inaishia mbali na Unguja. Hakuna uso wa John Swedi. Kilichofanywa China na Chen Yuandu hakikupata kufanywa hapa, na mwenye kulaumu alaumu. Lakini teremsha macho. Vipo viti vya askofu na makanoni wake, vyenye mabamba ya shaba, na juu yake majina ya watu wa Biblia yameandikwa kwa Kiswahili. Mgeni huvipita. Hana habari kwamba hapo ndipo kanisa lilipofanya kama milango ya mji ifanyavyo: katika pahala pa heshima limeweka neno, tena neno la hapa.

Na upo msalaba mdogo wa mti, ambao yaelezwa ulitengenezwa kwa gogo la mti wa kijiji cha Chitambo, uliozikiwa chini yake moyo wa David Livingstone mwaka 1873. Huoneshwa kama kumbukumbu ya Mzungu, na huishia hapo. Lakini mti huo kabla ya kuwa msalaba ulikuwa umeshaandikwa. Jacob Wainwright, Myao aliyetolewa utumwani na kusomeshwa India, aliuchonga maandishi ya ukumbusho gandani siku za msiba. Wenziwe Chuma na Susi ndio waliouongoza msafara uliobeba maiti hadi pwani, na Chuma akafia hapa Zanzibar mwaka 1882, mwaka ule ule wa kifo cha Steere. Basi katika kisa kizima cha msalaba ule, mkono wa kwanza uliougusa mti kwa nia ya sanaa ulikuwa wa Mwafrika aliyekuwa mtumwa, na alichofanya ni kuandika.

Nje, uani, ipo kazi nyengine inayopigwa picha kuliko zote: watu watano wa saruji ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya Msweden Clara Sörnäs ya mwishoni mwa muongo wa 1990. Ina nguvu yake, na hapana haja ya kuibeza. Mtoto anayesimama kwenye ukingo wa shimo lile hunyamaza, na kunyamazisha mtoto si jambo dogo. Hata hivyo, angalia mpangilio wa ziara. Mgeni huoneshwa watumwa shimoni, hawana la kufanya ila kutazama. Kisha huingizwa ndani, akaoneshwa walichofanya watumwa hao walipopewa uhuru na nyundo: nguzo za kichwa chini. Kwanza huruma, kisha kicheko. Paa hakuoneshwa, viti hakuoneshwa, Zaburi hazikutajwa. Anarudi hotelini akiamini kwamba watu wale waliteswa, na kwamba hawakujua kitu.

Lawama hii haimuangukii muongozaji maskini anayetafuta riziki, seuze papasi wa mtaani. Yeye husema alichofundishwa, na kicheko ndicho kinacholipa bakhshishi. Inawaangukia waliokabidhiwa elimu ya mambo haya: wanaoandika vipeperushi, wanaofundisha waongozaji, walimu wa historia wa skuli za Unguja ambao hupita na wanafunzi nje ya uzio wa Mkunazini kwa kudhani kwamba kilichomo ndani hakiwahusu Waislamu. Kinawahusu. Chokaa ni ya kwao, matumbawe ni ya bahari yao, lugha iliyoandikwa juu ya shaba ni ya bibi zao. Mtoto wa Kiislamu wa Mwembetanga anaweza kusoma viti vile bila ya msaada wa mtu, jambo ambalo mgeni aliyelipa tiketi hawezi.

Kwa hiyo atakaposimama tena muongozaji chini ya nguzo zile, na asimulie kisa akitaka, lakini asiondoke hapo kabla ya kusema mambo mawili. Kwamba askofu alirudi, akaziona, akaziacha. Na kwamba upana wa ukumbi wote ule, kutoka ukuta hadi ukuta, hauna boriti.